Mjusi Ulimi-Bluu: Kizimba Kwanza, Mnyama Baadaye

Kati ya watambaazi wanaofugwa nyumbani, mjusi ulimi-bluu anasifika kwa upole, na sifa hiyo anaistahili. Akishazoea watu hukaa mapajani ametulia, hula takriban kila anachowekewa, na hana haja ya kizimba kirefu kwenda juu kilichojaa matawi. Tatizo ni kwamba utulivu huohuo huficha maradhi. Mjusi anayeishi kwenye baridi anaweza kuonekana mtulivu kumbe mwili wake haujapata joto la kuuendesha. Mifupa inaweza kulegea kwa miezi huku bado anamaliza chakula chake chote. Kwa hiyo katika ufugaji huu kila kitu kinapimwa: joto, unyevu, mionzi na uzito. Anayekisia hugundua tatizo likiwa limeshakomaa.

Jina moja, mijusi kadhaa

Jina hili linabeba spishi kadhaa za jenasi Tiliqua, wenyeji wa Australia, New Guinea na visiwa vya mashariki mwa Indonesia. Wote wana mwili mnene, miguu mifupi, kichwa kipana cha pembetatu na, ukimwacha mmoja nitakayemtaja, magamba laini yanayong'aa. Ulimi ni silaha ya kutishia. Adui akimkaribia, mjusi hufura, hutoa pumzi kwa kishindo, kisha hupanua kinywa na kuutoa ulimi wote kwa ghafla. Sehemu ya nyuma ya ulimi huakisi mionzi ya urujuanimno zaidi ya ncha, na ndege wengi wanaomwinda wanaiona mionzi hiyo.

Kabla ya kuuliza bei au rangi, uliza asili. Hilo ndilo litakaloamua unyevu wa kizimba, na unyevu usiomfaa ni chanzo kikubwa cha maradhi.

Kwa anayeanza, chaguo langu ni ulimi-bluu wa kaskazini mwa Australia, Tiliqua scincoides intermedia. Hufikia sentimita 50 hadi 60, huvumilia unyevu wa wastani, na wanaofugwa nje ya Australia ni vizazi vilivyozaliwa kizimbani. Australia hairuhusu watambaazi wake wa porini kusafirishwa nje kibiashara. Ndugu yake wa mashariki, Tiliqua scincoides scincoides, ana mahitaji yanayofanana naye sana. Huyu ndiye anayeonekana mara nyingi kwenye bustani za miji kama Sydney na Brisbane. Hawa wawili wanataka unyevu wa asilimia 35 hadi 55 hivi.

Wa Indonesia ni habari nyingine. Wa Merauke, Tiliqua gigas evanescens, ni mrefu na mkia wake ni mrefu pia. Wengi wao huzoea watu vizuri. Anahitaji unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Wa Halmahera, Tiliqua gigas gigas, anataka zaidi ya hapo. Wa visiwa vya Tanimbar anajulikana kwa hasira, ingawa anayelelewa tangu utotoni hubadilika. Tatizo la kundi hili si tabia. Wengi wanaouzwa wamekamatwa msituni, wamesafiri wamebanana kwenye masanduku, na wanafika na minyoo, kupe na majeraha. Kuna pia hila ya kuangalia: jike aliyekamatwa akiwa na mimba huzaa kwa muuzaji, na watoto huuzwa kama waliozaliwa kizimbani. Kwa maneno ni kweli, lakini mama hakufugwa, na hakuna anayejua historia yake. Muulize muuzaji akuonyeshe wazazi wote wawili na mahali wanapoishi. Mfugaji wa kweli hufurahia swali hilo.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Tiliqua rugosa, mwenye magamba makubwa ya kukwaruza na mkia mfupi butu unaofanana na kichwa. Dume na jike wa spishi hii hurudiana msimu wa kujamiiana ukifika, mwaka baada ya mwaka. Mtafiti Michael Bull aliwafuatilia Australia Kusini kwa miongo kadhaa. Upekee wao umewaponza, kwani ni miongoni mwa mijusi wanaotoroshwa Australia kwa magendo. Ukimkuta anauzwa bila hati za asili yake, usimnunue, hata kwa nia ya kumwokoa. Fedha yako ndiyo italipia atakayekamatwa baada yake.

Popote ulipo, angalia sheria ya wanyamapori kabla ya kuahidi chochote. Ndani ya Australia kwenyewe, majimbo mengi yanadai leseni ya kufuga, na kumchukua aliyeko porini ni kosa.

Kumkagua kabla ya kumchukua

Nenda wakati wa mchana taa zikiwa zimewaka, ili umwone akiwa na joto mwilini. Mjusi aliyepoa hawezi kukuonyesha hali yake. Mwangalie kwanza akiwa kizimbani. Anapotembea anapaswa kuinua tumbo juu ya ardhi na kuutoa ulimi mara kwa mara kunusa. Anayejikokota, au anayetetemeka vidole na miguu anapojaribu kuinuka, huenda amepungukiwa na kalsiamu.

Kisha omba kumshika. Macho yawe wazi, yenye uangavu, yasiyozama. Pua ziwe kavu: tazama kwa karibu kila anapotoa pumzi, kwa sababu kiputo kidogo cha ute kwenye tundu la pua, kinachovimba na kupasuka, ni dalili ya maambukizi ya njia ya hewa hata kama mengine yote yako sawa. Msogeze karibu na sikio. Pumzi isiwe na mlio wa kubofyabofya wala wa kukwaruza. Bonyeza taya la chini kwa upole sana. Liwe gumu. Likibonyea kama mpira, mifupa imeshaanza kuharibika.

Hesabu vidole, na uangalie kila kimoja. Pete nyembamba ya kijivu kati ya ukucha na kiungo cha kwanza ni gamba la zamani lililokwama. Likiachwa hukaza kila anapojivua upya, damu haipiti, na kidole hukauka na kukatika. Kukosa kidole kimoja kilichopona zamani si kasoro kubwa, ila ni ushahidi wa malezi ya mahali hapo.

Shina la mkia ndiyo ghala yake ya mafuta. Liwe nene na la mviringo. Mifupa ya nyonga ikitokeza, mjusi amekonda. Tundu la haja liwe safi, lisilo na uvimbe wala kinyesi kilichoganda. Mwisho, loanisha kitambaa cheupe na umfute shingo, kwapa na kuzunguka masikio. Vidoti vyeusi au vyekundu vinavyotembea kwenye kitambaa ni utitiri, na hapo huna sababu ya kuendelea.

Jinsia usiitegemee. Dume na jike hufanana mno, na wapo waliouzwa wakiwa madume wakazaa. Kama huna mpango wa kuzalisha, haina uzito. Umri ndio wenye uzito, kwa sababu mjusi huyu huishi miaka 15 hadi 20, na wengine huvuka hapo. Mtoto huvutia, lakini hujificha sana na hudai chakula kila siku. Aliyefikisha mwaka mmoja ameshaonyesha tabia yake, na kwa nyumba isiyo na mzoefu namwona huyo kuwa bora.

Chukua mmoja tu. Mijusi hawa huishi peke yao na hawahitaji mwenzi. Wakiwekwa pamoja wanaweza kuonekana wanalaliana kwa upendo wiki nzima, kumbe wanagombea mahali pa joto, na ugomvi ukizuka taya zao hung'oa kidole, ncha ya mkia, hata mguu.

Kizimba

Kizimba kiwe tayari, kimewashwa na kupimwa kwa wiki nzima kabla mjusi hajafika. Kurekebisha joto naye akiwa ndani ni kumfanyia majaribio.

Mjusi mzima anataka sakafu isiyopungua sentimita 120 kwa 60, na kimo cha sentimita 45 hadi 60. Yeye si mpanda miti, hivyo upana una faida kuliko kimo. Kwa urefu wa sentimita 120 unaweza kuwa na upande wa joto na upande wa baridi vilivyotengana kweli. Kwenye kizimba kifupi joto husambaa kote na mjusi hana pa kukimbilia. Kizimba cha mbao au plastiki ngumu chenye mlango wa mbele ndicho bora. Kile cha kufunguliwa juu humtia hofu, kwani kila mkono unaoingia unakuja kama ndege mwindaji.

Sasa joto. Chini ya taa ya kuotea, juu ya jiwe bapa au kigae, uso wa jiwe uwe nyuzi 38 hadi 41 za Selsiasi. Hewa ya upande wa joto iwe nyuzi 28 hadi 32, na upande wa baridi nyuzi 22 hadi 26. Usiku taa zote zizimwe, na joto likishuka hadi nyuzi 20 hakuna ubaya. Nyumba yako ikipoa kuliko hapo, tumia kipasha-joto cha seramiki kisichotoa mwanga. Taa nyekundu za usiku achana nazo, mjusi anauona mwanga wake na unamharibia usingizi.

Kwa kuotea, taa ya halojeni ya kawaida ndiyo ninayoipendekeza kuliko vifaa vingi vyenye majina makubwa. Joto lake hupenya mwilini vizuri na hutoka juu, kama la jua. Iunganishe na kidhibiti kinachopunguza mwanga taratibu, si kile cha kuwasha na kuzima. Mawe ya umeme yanayopashwa joto kwa ndani ni hatari: mjusi hahisi joto la tumboni haraka, hulala juu yake hadi tumbo likaungua. Taa yoyote iliyo ndani ya kizimba izungushiwe wavu wa chuma.

Joto la uso wa jiwe pima kwa kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza na kubofya. Hewa ipime kwa vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja kila upande, kwenye kimo cha mgongo wa mjusi. Vile vya mshale kama saa, vya kubandika ukutani, hudanganya kwa nyuzi kadhaa, na hupima ukuta ambao mjusi hakai.

Mionzi ya UVB, sehemu ya mionzi ya urujuanimno, ndiyo inayoipa ngozi uwezo wa kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula haifyonzwi. Weka taa ndefu ya UVB ya mrija mwembamba, aina ya T5, inayofunika nusu ya kizimba, upande uleule wa taa ya kuotea, ili apate joto na mionzi mahali pamoja na aweze kuvikimbia vyote viwili. Kwenye mahali pa kuotea lenga kipimo cha nguvu ya mionzi hiyo, UVI, cha 2 hadi 4. Kama huna kifaa cha kukipima, fuata jedwali la umbali la mtengenezaji wa taa. Kwa kawaida ni sentimita 30 hadi 40 kutoka mgongoni. Mambo matatu huharibu hesabu hii. Kioo na plastiki huzuia UVB karibu yote, hivyo jua la dirishani halimfai kwa hilo. Wavu wa juu ya kizimba hupunguza karibu theluthi moja, wakati mwingine zaidi. Na taa huchoka: baada ya mwaka mmoja bado inawaka vizuri machoni pako, lakini mionzi yake imeshuka. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu kwenye kitako cha taa. Taa zote zikae saa 12 kwa siku, kwa kipima-muda.

Matandiko ya chini yawe na kina cha sentimita 10 au zaidi, kwa sababu mjusi huyu hupenda kujichimbia. Kwa wa Australia, maranda ya aspeni au vipande vya magome vinafaa. Kwa wa Indonesia tumia vipande vya makumbi ya nazi, au mchanganyiko wa udongo na makumbi, unaoweza kushika maji bila kuoza. Maranda ya msonobari na mwerezi yana mafuta yenye harufu yanayochoma mapafu yake. Mchanga mtupu humezwa pamoja na chakula na huziba utumbo.

Unyevu uongeze kwa kumwaga maji kwenye pembe za matandiko hadi tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu. Kunyunyizia kila mara hulowesha juu tu: kipimaunyevu hupanda kwa saa moja na kushuka, huku tumbo la mjusi likikaa kwenye majimaji, na magamba ya tumboni huanza kuwa na madoa ya kahawia na kuoza. Kwa wa kaskazini mwa Australia kosa la kawaida ni kinyume chake, unyevu mwingi mno kwenye kizimba kisichopitisha hewa.

Weka maficho mawili, moja kila upande. Yawe ya kubana. Mjusi anataka kuhisi kuta mgongoni na ubavuni. Pango kubwa zuri kwa macho humwacha akiwa na wasiwasi. Bakuli la maji liwe pana na zito, maji yasizidi kimo cha kiwiko chake. Miguu yake mifupi haimsaidii kuogelea, na kwenye maji ya kina huzama.

Chakula

Porini hula konokono, mende na wadudu wengine, matunda yaliyoanguka, maua, na mizoga akiikuta. Ukimpa konokono utaona meno yake ya nyuma ni ya kazi gani. Humgeuza kwa ulimi hadi ampate pembeni mwa taya, humbana hadi gamba lipasuke kwa mlio, kisha husukuma vipande vya gamba nje na kumeza nyama. Wape konokono waliofugwa tu. Wa bustanini hubeba minyoo ya mapafu, na huenda wamekula sumu ya konokono, ambayo humuua na mjusi.

Kwa mtu mzima, nusu ya mlo iwe mboga, asilimia 40 hadi 45 protini, na matunda yasizidi asilimia 10. Mboga za msingi ni sukuma wiki, majani ya haradali, boga, bamia na maharage mabichi ya maganda, zilizokatwa vipande vidogo. Mchicha na spinachi viwe kwa nadra, kwa sababu oksalati zilizomo huikamata kalsiamu kabla haijafyonzwa. Protini iwe nyama ya kuku au bata mzinga isiyo na mafuta, iliyopikwa bila chumvi wala viungo, yai la kuchemsha mara mojamoja, mende wa dubia, nyenje, au mabuu ya nzi weusi wanaofugwa kwa lishe ya mifugo. Chakula laini cha mbwa cha kopo, ambacho kitu cha kwanza kwenye orodha ya viambato ni nyama, ni msaada mzuri na hakina ubaya kikichanganywa na vingine. Funza wa unga ni peremende kwake. Wana mafuta mengi. Panya mchanga mmoja kwa mwezi anatosha, kama utaamua kumpa.

Usimpe kamwe parachichi, kitunguu, kitunguu saumu, rubabu, chokoleti, wala kimulimuli. Machungwa na ndimu humchafua tumbo. Vyura pia usithubutu: nchini Australia mijusi hawa wamekufa wengi kwa kula chura wa miwa, ambaye sumu yake hawaiwezi.

Nyama peke yake ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Mlo unatakiwa kuwa na kalsiamu takriban mara mbili ya fosforasi. Mnyunyizie mtoto unga wa kalsiamu kwenye kila mlo. Mtu mzima, mlo mmoja kati ya miwili. Kama taa ya UVB inafanya kazi, tumia kalsiamu isiyo na D3, kwani D3 ya unga ikizidi hujikusanya mwilini na kudhuru. Unga wa vitamini mchanganyiko mara moja kila wiki mbili unatosha.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu hadi minne hula kila siku, anayekua mara tatu au nne kwa wiki, mtu mzima mara moja au mbili kwa wiki. Wengi hawaamini hiyo ya mwisho. Mjusi mzima atakuja mlangoni kila akikuona, na atakula kila ukimpa, na ndiyo njia anayofikia ini lenye mafuta. Mlo uwe wa ukubwa wa kichwa chake au kuzidi kidogo, kisha mwili ukuongoze: mikunjo ya mafuta kwapani na tumbo linaloburuta ni ishara ya kupunguza. Mlishe asubuhi au mchana, abaki na saa kadhaa za joto mbele yake. Akiingia usiku tumbo limejaa na mwili umepoa, chakula huchacha ndani.

Njia rahisi ni kuchanganya chakula cha wiki kadhaa, kukigandisha kwenye trei ya barafu, na kuyeyusha vipande viwili vitatu siku ya mlo hadi viache kuwa baridi. Unga wa kalsiamu weka wakati wa kulisha, si wakati wa kugandisha.

Msimu wa baridi mijusi wa Australia huweza kupunguza kula, hata kujichimbia kwa wiki kadhaa. Mpime uzito. Akibaki na uzito wake, ni majira tu. Akipoteza moja ya kumi ya uzito, ni ugonjwa hadi daktari aseme vinginevyo.

Kujivua gamba

Siku chache kabla, rangi hufifia, tumbo huwa na weupe wa maziwa, na mjusi hukosa subira. Mwache. Mtoto hujivua kila baada ya wiki nne hadi sita hivi, mtu mzima kwa nadra zaidi. Mwekee boksi lenye makumbi yaliyoloweshwa upande wa joto, na jiwe la kujisugulia.

Likishaisha gamba, kagua vidole vyote 20 na ncha ya mkia. Palipokwama, mweke kwenye beseni lenye maji ya nyuzi 29 au 30, yanayofika kiwiko, kwa dakika 15 hadi 20, ukiwa umekaa naye. Kisha zungusha kidole taratibu kati ya vidole vyako kwa pamba yenye maji, kuelekea ukuchani. Lisipotoka, rudia kesho. Kulivuta kavu huondoa na ngozi mpya. Na gamba likikwama kila mara, beseni si suluhisho. Unyevu wa kizimba ndio uko chini.

Kumshika

Siku 14 za kwanza usimshike kabisa. Badilisha maji, weka chakula, ondoka. Baadaye anza kwa dakika tano, upande wa mchana, kabla ya mlo na si baada yake. Mkono uje kutoka ubavuni, upite chini ya kifua, na mwingine ubebe nyonga. Asipohisi kitu chini ya miguu ya nyuma hujikurupusha na kuanguka, na kuanguka kutoka kimo cha kiuno kunaweza kuvunja mfupa. Mkia usiushike.

Akifura na kutoa pumzi kwa kishindo, tulia bila kuondoa mkono haraka. Ukiondoa, anajifunza kwamba vitisho vinafanya kazi. Ila akifungua kinywa na kukufuata na kichwa, mwache hadi siku nyingine. Akikuuma hatang'ata na kuachia, atabana. Usivute, taya zake zitachana ngozi. Mweke chini miguu igusane na ardhi na usubiri. Wengi huachia wenyewe.

Dalili zisizosubiri

Viputo puani, kupumua kinywa wazi bila kuwa chini ya taa, au mlio kwenye pumzi: hayo ni maambukizi ya mapafu, na kwa kawaida yanataka antibiotiki. Wakati ukisubiri daktari, hakikisha joto la mchana liko kamili, maana kinga yake hutegemea joto la mwili. Kutetemeka, taya laini na uti wa mgongo uliopinda ni kalsiamu au UVB. Mifupa iliyopinda hainyooki tena, lakini ugonjwa unaweza kusimamishwa. Usaha wa manjano ulioganda kama jibini kwenye ufizi ni maambukizi ya kinywa. Kutopata choo wiki mbili huku anakula, na tumbo gumu, huenda ni utumbo ulioziba. Umlowanishe kwenye maji ya uvuguvugu mara moja, na asipopata choo siku hiyo mpeleke akapigwe picha ya eksirei.

Utitiri ukiingia, toa matandiko yote na uyatupe nje ya nyumba, tupa vyote vya mbao visivyooshwa, mweke mjusi juu ya karatasi nyeupe, na tumia dawa atakayoelekeza daktari. Dawa ya mbwa au ya ng'ombe ukiikadiria mwenyewe unaweza kumuua.

Kinyesi ondoa siku hiyohiyo, matandiko yote badilisha kila baada ya miezi mitatu au minne. Kizimba kitupu kioshe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa maji tisa, kiache dakika kumi, suuza hadi harufu iishe na kikauke kabisa. Bakuli zake zisioshwe kwenye sinki la jikoni, kwa sababu mjusi mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila dalili. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasimshike.

Tafuta daktari wa wanyama anayetibu watambaazi kabla hujamhitaji, si wote wanaowatibu. Ndani ya wiki mbili za kwanza mpelekee kinyesi cha siku hiyo kwenye kichupa kilichofungwa, kikae mahali pa baridi hadi kifike, apime minyoo. Siku ya kumpeleka mjusi mwenyewe mweke kwenye boksi la plastiki lenye matundu na taulo ndani, na uchukue karatasi yenye uzito wake wa kila mwezi, vipimo vya joto vya pande zote mbili, aina ya taa ya UVB na tarehe ulipoifunga.